Maneno Juu ya Bustani ya Mboga Nyumbani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee, waalimu na watu wa vijiji vya upande wa Pangani.)

Tulipoletewa habari kwamba yatupasa kusimama leo mbele yenu na kusema juu ya kilimo cha mboga, kwanza tulikataa. Sisi si bwana shamba, wala hatukusomea kilimo. Kazi yetu ni ya ukarani, kazi ya kalamu na mafaili, na mikono yetu ilikuwa laini hata miaka mitatu iliyopita. Lakini mzee aliyetumwa kwetu alisema, "Asiyepata kuanguka hawezi kutuonyesha shimo liko wapi. Twamtaka aliyetumbukia." Neno hili lilitushinda, tukakubali. Basi tutawaeleza jinsi tulivyotumbukia, nanyi mcheke mpendavyo, ila mahali pamoja ambapo hapana la kuchekesha. Mkifika hapo mtapajua wenyewe.

Nyumba yetu iko kusini ya mji wa Tanga, kando ya njia iendayo Pangani, nayo ina ua kwa nyuma, urefu wake hatua 25 na upana hatua 15. Udongo wa huko mwaujua: juu mchanga, na chini ya mchanga mawe ya matumbawe. Ukimwaga maji hupotea kama uliyemwagia chujio. Kisima tunacho, lakini maji yake yana chumvi kidogo, na kiangazi kikizidi chumvi nayo huzidi. Tulipohamia, ua ule ulikuwa umejaa majani: mchicha ulioota wenyewe, mnavu, mlenda, na matembele yaliyotambaa karibu na bafu. Sisi tuliona ni magugu tu. Tukamlipa kijana akafyeka yote na kuyatupa nje ya uzio. Jirani yetu, bibi mmoja wa Kidigo mwenye umri mwingi, akaja na ungo wake, akayaokota moja moja yaliyo mateke, akaenda zake kuyapika. Tulimtazama tukamwonea huruma, tukidhani siku ile amekosa kitoweo.

Nia yetu sisi ilikuwa kabichi. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumetumwa Lushoto kwa kazi ya ofisi, tukaona katika mabonde ya Usambara makabichi yamepangwa mistari kama askari wa gwaride, makubwa, yamefunga vizuri, na magari yanapakia kupeleka Tanga na Dar es Salaam. Tukasema moyoni, kwa nini tununue sokoni kitu ambacho ardhi yetu yaweza kutoa? Tulinunua pakiti za mbegu zenye picha nzuri, kabichi na nyanya, tukanunua jembe, kopo la kumwagilia na magunia ya samadi, tukapima matuta kwa kamba na vigingi hata yakanyooka kama mistari ya daftari. Ilikuwa mwezi wa Januari.

Bibi yule alitupitia jioni moja. Tulimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Mbona wapanda sasa? Hili ni jua la kaskazi." Tulimweleza kwa upole kwamba maji tunayo, na penye maji hapana haja ya kungoja mvua. Akatikisa kichwa, akasema, "Haya, wewe ndiwe uliyesoma," akaenda. Wakati ule tulifikiri ametusifu.

Sasa sikilizeni yaliyotupata. Samadi ile ilikuwa mbichi, imetoka zizini juzi. Tuliitia katika mashimo, ikapata moto, ikaunguza mizizi, na miche mingi ikafa katika juma la kwanza. Iliyobaki tuliimwagilia maji ya kisima kila siku saa saba mchana, tukidhani ndipo yenye kiu zaidi. Ncha za majani zikakauka kwa chumvi. Kisha kuku wa mtaani wakagundua kwamba tuta lililolainishwa ni mahali pazuri pa kuparua, wakamaliza tuta zima asubuhi moja tulipokuwa ofisini. (Mwalimu yule pale acheka, lakini yeye mwenyewe ana kuku kumi na wawili wasio na banda.) Kabichi zilizonusurika zilitoa majani mapana, tukafurahi, tukangoja zifunge. Zikakua, zikarefuka, viwavi wakazitoboa kama nyavu, wala haikufunga hata moja.

Nyanya nazo zilitoa maua mengi ya manjano, hata watu wakawa wanasimama njiani kuyatazama. Kila asubuhi tulikuta maua chini. Hatukuelewa, tukaongeza samadi. Majani yakazidi kunawiri na maua yakazidi kudondoka.

Baadaye bwana shamba alitueleza sababu, nayo ni nyepesi kabisa. Kabichi hupenda baridi. Mji wa Lushoto uko juu ya usawa wa bahari kadiri ya mita 1,400, na usiku wa kule watu hujifunika mablanketi. Sisi twalala madirisha wazi na jasho linatutoka. Zimo mbegu za kabichi zilizozalishwa kwa ajili ya nchi za joto, lakini zetu hazikuwa hizo, nasi tulitazama picha tu. Nyanya ni hivyo hivyo: usiku ukiwa wa joto sana ua halishiki tunda, huanguka. Katika pwani yetu usiku wa Januari na Februari ni wa namna hiyo. Mwenye kutaka nyanya huku hupanga siku zake ili maua yatoke baada ya masika, wakati pepo za kusi zinapovuma na usiku umepoa, yaani tangu mwezi wa Juni hata Agosti. Bibi hakuwa na kipimo cha joto, lakini jambo hili alilijua.

Sisi ni karani, na karani huandika. Tulikuwa na daftari la bustani, matumizi upande huu na mapato upande ule. Mwisho wa mwezi wa Aprili tulijumlisha. Matumizi yalikuwa shilingi 86,400. Mapato: nyanya 19, mbili kati yake zimeoza upande mmoja. Tukagawa, tukaona kila nyanya ilitugharimu zaidi ya shilingi 4,500. Mama watoto alitazama hesabu ile kwa muda, akauliza kama nyanya hizo zipikwe au zifungiwe sandukuni.

Tulikaribia kuacha. Aliyetuzuia ni rafiki yetu mmoja, mwalimu wa historia, aliyetukumbusha habari ya hapa hapa Pangani. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida katika Marekani. Miche ile ilisafiri mbali, ikapitia Hamburg, na ilipofika pwani yetu iliyokuwa hai ilikuwa 62 tu. Hiyo 62 ikapandwa Kikogwe, na katika hiyo ndimo ulimotoka mkonge uliokuja kufunika nchi ya Tanga toka bonde hata bonde. Tunajua vema kwamba mashamba yale hayakuwaletea wazee wetu furaha. Wengi wenu babu zenu walikata mkonge kwa jasho la kadi, na hilo si neno dogo. Lakini hesabu yake ilitupa moyo. Aliyepoteza miche 938 hakutupa jembe, na sisi je, tuliopoteza arobaini?

Basi tukaanza tena, mara hii kwa kusikiliza kidogo. Tulisia mbegu za nyanya katika kitalu mwishoni mwa Aprili, chini ya kivuli cha makuti, ili mvua kubwa isizipige. Nusu ya kwanza ilikufa, shina limeoza pale linapogusa udongo, kwa kuwa tulisia kwa kubananisha na tukamwagilia jioni. Tukasia tena kwa nafasi. Tulipohamisha miche bustanini tuliinua matuta ili maji yasituame, tukatandaza majani makavu juu ya udongo, tukasimamisha miti ya kuegemeza. Miche michache ilinyauka ghafula ikiwa bado mibichi, jana imesimama, leo imelala. Bwana shamba alikata shina la mmoja karibu na mzizi, akalitumbukiza ncha katika bilauri ya maji safi, akatuambia tutazame. Baada ya dakika chache ukatoka ndani ya shina uzi mweupe kama maziwa, ukashuka chini ya bilauri. Akasema huo ni mnyauko uletwao na vijidudu vikaavyo udongoni, dawa yake hakuna. Ng'oa mche na mzizi wake, uchome moto, na mahali pale usipande tena nyanya, wala biringanya, wala pilipili, wala viazi mviringo, maana hao wote ni jamaa moja na ugonjwa wao ni mmoja. Panda kunde au mahindi, misimu kadhaa, ndipo ujaribu tena. Jambo hili la bilauri twawaomba waalimu mlionyeshe watoto shuleni. Halina gharama, na mtoto aliyeliona kwa macho hasahau.

Mwezi wa Julai nyanya zilishika. Ndugu zetu, hatuwezi kueleza furaha ile. Kila tukitoka kazini tulipitia bustanini kabla ya kuingia nyumbani, na viatu vya ofisini miguuni, tukazihesabu. Zilipoanza kugeuka rangi tuliona katika majani njia nyeupe nyeupe, kama karatasi iliyochorwa na mtoto, na katika matunda mawili matatu vitundu vidogo. Alikuwa kantangaze. Nondo huyu mdogo asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania, na mwaka 2014 alifika katika nchi yetu, naye aweza kumaliza shamba la nyanya asibakize kitu. Tuliogopa. Tuliziona zile shilingi 86,400 zinarudi kutucheka.

Tukaenda dukani, tukaomba dawa kali. Tukapewa chupa. Tukaazima bomba, tukachanganya kwa kukisia, tukaongeza kidogo ili iwe na nguvu, tukanyunyizia jioni ile bustani nzima, bila kufunika mikono wala pua. Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Wadudu walikuwa wamekufa, na nyanya zilizoiva zilikuwa nyekundu, zinang'aa. Tukachuma kikapu cha kwanza. Kwa furaha tulijaza vibakuli vinne, tukawapelekea majirani wanne, na bibi wa kwanza wao, ili aone kwamba aliyesoma naye hulima.

Alasiri binti yetu wa miaka mitano aliingia bustanini peke yake, akachuma, akala palepale. Hatujui alikula ngapi. Magharibi akaanza kutapika, jasho likimtoka na mate yakimtiririka, na tumbo likimsokota hata akajikunja. Tukampakia katika pikipiki, mama yake amembeba katikati, tukaenda hospitali. Daktari aliuliza amekula nini. Tukasema nyanya. Akauliza zimepigwa dawa? Tukasema ndiyo. Akauliza dawa gani, na sisi, ambao kazi yetu ni kusoma karatasi za watu tangu asubuhi hata jioni, tusijue hata jina lake. Akasema, "Rudi uilete chupa."

Tulirudi. Tukaiokota chupa penye taa ya ukumbini, na hapo ndipo tulipoisoma kwa mara ya kwanza. Chini ya karatasi yake palikuwa na mstari wa rangi ya manjano, ambao maana yake ni sumu yenye madhara. Mstari mwekundu ndio wa sumu kali kabisa, kisha manjano, kisha buluu, kisha kijani. Paliandikwa kipimo cha kuchanganya. Sisi tulikuwa tumezidisha mara mbili. Paliandikwa vaa mipira ya mikono na funika pua. Paliandikwa usivune kabla ya siku 14. Wazee wetu, maneno yale yote yalikuwa yameandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka. Hatukuwa na udhuru wo wote.

Daktari alisoma chupa akajua la kufanya. Mtoto alilazwa usiku huo na siku iliyofuata, na Mungu akamjalia akapona. Lakini usiku ule haukuishia hospitalini. Tulipokuwa tumesimama kando ya kitanda, mama watoto alitushika mkono, akasema neno moja tu: "Vibakuli."

Tukatoka mbio. Ilikuwa yapata saa tano ya usiku. Nyumba ya kwanza walikuwa hawajazila. Wakatupa kibakuli chetu mlangoni bila kusema neno. Nyumba ya pili walikuwa wamezipika katika mchuzi wa chakula cha jioni, watu saba. Tuliwaambia kwa ukweli tulilolifanya, na dalili za kuangalia, na baba wa nyumba ile akasimama akitutazama kwa muda mrefu, kisha akaenda kuwaamsha watoto mmoja mmoja. Tuliketi barazani kwake karibu saa nzima. Wote walikuwa wazima, lakini saa ile hatutaki kuipata tena maishani. Nyumba ya tatu walikuwa wamezila mbili, mbichi, na huko pia hawakudhurika.

Bibi tulimfikia mwisho. Tukapiga hodi. Alikuwa macho. Tulimweleza, naye akasikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akarudi na kibakuli kimejaa kama tulivyokileta. Akasema, "Zilikuwa na harufu. Nikasema nitamwuliza kesho." Tukamwomba radhi. Hakutusema hata kidogo. Akauliza tu, "Mtoto yuko na nani?" Tukasema yuko na mama yake. Akasema, "Haya, rudi huko. Akishatoka hospitali uje kwangu na jembe, asubuhi, kabla hujavaa nguo za kazi."

Tulikwenda. Tangu siku ile bustani yetu ina mwalimu, nasi twawaeleza machache tuliyopata kwake, ingawa mengi yenu mliyajua kabla yetu.

Samadi hatumii mbichi. Huirundika kivulini, huifunika kwa majani, huigeuza kila mara, na haitii bustanini mpaka aingizapo mkono asione moto wala harufu ya zizi. Upande wetu wa Tanga wafugaji wa ng'ombe wa maziwa ni wengi, samadi haina shida. Subira ndiyo yenye shida. Wakati wa mvua huinua matuta, na wakati wa kiangazi hufanya kinyume, hupanda katika vitalu vilivyozama kidogo ili maji yasikimbie. Humwagilia asubuhi na mapema. Maji ya kisima akiyaonja yamekolea chumvi huyawekea minazi, na mboga huzipa maji ya mvua aliyokinga au ya bomba.

Mchicha hausii wote mara moja. Husia kipande leo, kipande baada ya majuma mawili, na kipande tena, hata asikose wa kuchuma, maana mchicha huwa tayari kwa majuma matatu au manne. Naye haung'oi, huukata juu ukachipua. Kunde huchuma majani yake kwanza, kisha hungoja maganda. Bamia na nyanya chungu hustahimili jua letu vizuri, na mlenda na mnavu ndiyo ile mboga tuliyoitupa nje ya uzio. Penye wadudu mafuta hutwanga majani ya mwarobaini, huyaloweka usiku kucha, huchuja, hunyunyizia. Si dawa ya kila mdudu, na kwa kantangaze tumeona haitoshi peke yake. Kwa huyo hupitia kila siku, hukata jani lenye njia nyeupe na kulichoma, na tunda lililotobolewa halitupi bustanini. Ikibidi kununua dawa, sisi ndio wasomaji wake. Hutuletea chupa, hata ikiwa ya mtu mwingine, husema, "Soma yote, mwanangu, hata yale maandishi madogo." Twasoma kwa sauti, naye hutusimamisha na kuuliza. Sasa watu wa mtaa wetu huja na chupa zao barazani jioni, na kazi hii twaifanya bila malipo. Waalimu, twafikiri kila kijiji chenu kina mtu awezaye kuifanya.

Daftari bado tunalo. Mwaka wa pili matumizi yalikuwa shilingi 31,200, maana hatukununua tena mbegu za picha. Mboga tulizokula nyumbani hatukuziandika bei, lakini mama watoto hakununua mchicha sokoni hata siku moja tangu Machi hata Desemba. Kuku bado ni adui, ijapokuwa tumeweka uzio wa makuti. Mwaka huu mbuzi wa mtu tusiyemtaja aliingia akala bamia zote, tukarudi nyuma miezi miwili. Nyanya twapanda, mistari miwili tu. Binti yetu humwagilia pamoja nasi, ana kopo lake dogo, lakini nyanya mbichi hali mpaka leo, nasi hatumlazimishi.

Kabla hatujaketi, neno moja la mbegu. Tumekuja na mbegu za mnavu, za mlenda, na za mchicha mwekundu, bibi ndiye aliyezikausha. Mwenye kutaka aje hapa mbele na kikaratasi cha kufungia, na atuambie udongo wake ni wa namna gani, maana tumeagizwa tusimpe mtu mbegu kabla hatujamwuliza.